Kwa Sifuni, Uliyesomea Dawa kwa Jina Langu

Mdogo wangu Sifuni,

Ni miaka mingi hakuna aliyekuita hivyo. Hata msalaba wako hapa Mhezi, nyuma ya nyumba ya baba, umeandikwa Nakijwa, na kila nikipita na mzigo wa majani ya ng'ombe nasoma jina langu juu ya kaburi lako. Kijiji kizima kinajua, na kijiji kizima kimenyamaza. Nami nilinyamaza nao. Sasa nimechoka, na barua hii naiandika wazi, asome atakayesoma.

Nikikukumbuka, nakukumbuka kwanza ukiwa mdogo, na hapo ndipo hasira yangu hupata shida. Nilikuzidi mwaka na nusu, lakini tulianza darasa la kwanza siku moja kwa sababu ulikataa kubaki nyumbani bila mimi. Kifua chako kilikuwa kinapiga filimbi kabla hatujafika ndivani, pale bwawani ambapo wazee hufungulia maji ya mashamba. Unakaa juu ya jiwe, unashika mbavu, unasema, "Dada, we nenda, nitakukuta." Sikuenda hata siku moja. Nilibeba mkoba wako na wangu, na tulichapwa wote wawili kwa kuchelewa.

Tulimaliza kidato cha nne pamoja, miaka ile ya foleni, sabuni ikikatwa kwa uzi ili mche mmoja uoshe nyumba tatu. Mama alikuwa ameshapooza upande mmoja. Mimi na baba tulimbeba kwenye machela hadi zahanati, na mganga akatufungulia kabati ili tujionee wenyewe kwamba ndani mlikuwa na gamba la mende na chupa moja ya dawa ya vidonda. "Dawa hamna," alisema, na aliona haya kuliko sisi. Ndiyo maana nilipojaza fomu za kuchagua mafunzo niliandika famasi. Nilidhani mtu akisomea dawa, dawa zitapatikana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Mimi nilifaulu, wewe ulianguka. Barua ya kuitwa chuoni Dar es Salaam ikaja na jina langu. Siku ya tatu baba alituita wote wawili, akatukalisha kando ya kitanda cha mama.

"Nakijwa," alisema, "wewe una mikono. Hata ukibaki na jembe tu, utaishi. Huyu hawezi kulima hata tuta moja bila kukohoa. Bila karatasi, huyu atakufa."

"Barua ina jina langu, baba."

"Mnafanana. Wanaowajua wako huku mlimani, na wa huku mlimani ni wetu."

"Na jina?"

"Jina ni maandishi tu. Anayekula ni mwili."

Mama alijaribu kusema kitu, mdomo ukampinda, hatukuelewa. Wewe ulilia, ukanishika mguu, ukasema, "Dada, nikimaliza nitakurudishia." Sikukuuliza jina linarudishwaje. Nilikusindikiza hadi lilipokuwa likipakia lori la kuteremka Makanya, nikakupa sweta langu, nikarudi kumgeuza mama asipate vidonda vya mgongo.

Likizo yako ya kwanza ulirudi umekonda, na daftari zimejaa maneno uliyoyanakili bila kuyaelewa. Ulisema mkufunzi wenu aliwaambia kwamba mwenye dawa akikosea hesabu, kosa lake linazikwa na mtu mwingine. Na hesabu zenyewe hukuzijua. Tulikaa jikoni. Swali lilikuwa hili: una dawa ya asilimia ishirini, unatakiwa kutengeneza mililita mia moja za asilimia tano. Hukujua pa kuanzia. Nikachukua kahawa nzito ya shambani kwetu, nikamimina robo kikombe, nikajaza maji robo tatu.

"Onja," nikakwambia. "Nguvu imebaki ngapi?"

"Robo."

"Basi. Ishirini ukiigawa kwa nne?"

Ulicheka, Sifuni. Ulicheka hadi ukakohoa. Mama naye akacheka na upande wake mmoja. Nitasema ukweli hata kama unaniuma: siku zile nilifurahi. Mchana mama akilala nilinakili daftari zako nyuma ya kalenda za zamani na kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Nilijifunza dawa ipi haikai na ipi, ipi ikae gizani, ipi mja mzito asiiguse. Uliporudi chuoni ulinitumia maswali kwa barua, nami nikakurudishia majibu. Bahasha ziliandikwa "Sifuni", maana huko Nakijwa alikuwa wewe. Karani wa kijiji akiita, "Sifuni!" nilisimama mbele za watu, nao wakatazama chini.

Ulihitimu. Baba alitundika cheti ukutani, akaita majirani, akachinja mbuzi. Mama alikitazama kile cheti muda mrefu, kisha akageukia ukuta wa pili, na hakutaka nyama.

Miaka ikapita, mama akafariki, baba akamfuata. Wewe ulikuwa hospitali ya serikali, mshahara unaisha kabla ya mwezi kufika katikati. Ndipo ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ikajaa gulioni Myamba, sabuni ikarudi ya kila rangi, na dawa nazo zikaja, kwa mwenye nacho. Uliacha kazi, ukafungua duka la dawa baridi pale Same mjini, karibu na stendi, ukanitumia ujumbe: "Dada, njoo. Peke yangu siwezi."

Nilifunga nyumba nikashuka. Leseni na cheti vilikuwa ukutani ndani ya kioo, vyote vina jina langu, na mimi nilikaa nyuma ya pazia nikipanga maboksi. Wateja walikuita Dokta Nakijwa. Mimi waliniita Dada wa Nyuma. Wamasai kutoka mbugani, wafanyabiashara wa mjini, vibarua wa mkonge kutoka Makanya, wote walisimama mbele yako wakikueleza maumivu yao, nawe ukasema, "Ngoja kidogo," ukaja nyuma ya pazia kuniuliza mimi. Nilikujibu kwa sauti ya chini. Ulirudi mbele ukasema kwa sauti ya juu. Miaka minne tuliishi hivyo. Mwanao Neema alizaliwa humo, baba yake akaondoka, na mimi ndiye niliyembeba mgongoni nikihesabu vidonge.

Sasa nafika kwenye siku ambayo hatukuwahi kuizungumza.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumpeleka Neema kliniki. Mwanamke kutoka kambi ya mkonge alikuja, mtoto wake wa miaka minne ana malaria. Ulimpa klorokwini, na dawa ilikuwa sahihi. Lakini alitakiwa kumeza kidonge kimoja kwa siku, siku tatu. Wewe uliandika juu ya bahasha ya dawa "1 x 3", yaani kimoja mara tatu kwa siku. Kosa hilohilo nilikuwa nimekurekebisha mara nyingi, ukasema nakufokea kama mtoto. Mama yule alifuata maandishi, maana aliamini maandishi. Siku ya pili mtoto alikakamaa, macho yakageuka juu, akakimbizwa hospitali.

Mkaguzi wa dawa alikuja asubuhi iliyofuata pamoja na polisi mmoja na baba wa mtoto, mwanaume mrefu aliyetoka Kigoma kukata mkonge, mikono yote makovu. Mkaguzi aliweka bahasha juu ya kaunta.

"Nani aliandika hii?"

Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Niliona shingo yako ikilowa jasho. Miandiko yetu ilifanana. Mimi ndiye niliyekufundisha kuandika. Ulivuta pumzi, kifua kikapiga ile filimbi ninayoijua tangu utotoni, ukasema:

"Ni dada yangu. Hakusoma. Nilitoka kidogo tu, akahudumia mwenyewe."

Hukugeuka kunitazama.

Mkaguzi aliniuliza kama ni kweli. Nilitazama cheti ukutani. Ningesema, "Hapana, aliyefaulu ni mimi, huyu ni Sifuni," wangetufunga wote wawili, na Neema alikuwa mgongoni mwangu, bado ana alama ya chanjo ya juzi. Nikasema, "Ni kweli."

Baba wa mtoto hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Alinisogelea, akaniuliza taratibu, kama mtu anayetaka kweli kujua: "Mama, kama hujasoma, kwa nini unashika dawa?"

Nimeishi na swali lile kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Nimelijibu shambani, kanisani, kisimani.

Nililala mahabusu siku tatu. Niliapishwa nisikanyage tena duka la dawa. Wewe ulipewa onyo kwa kumwachia kazi asiyesoma, ukafunga duka wiki mbili, ukafungua. Mimi nilipanda mlima.

Ulikuja mara moja, na kanga na kilo mbili za sukari. Tulikaa pale jikoni. Ulizungusha kikombe mkononi, ukasema:

"Ungekuwa mimi, dada, ungefanyaje?"

"Wewe ndiye uliyekuwa mimi," nikakwambia. "Mimi sijawahi kuwa wewe."

Uliondoka kabla makande hayajaiva. Hatukuonana tena ukiwa mzima. Kiangazi kilichofuata, vumbi la Same likakuziba kifua, na ulipoletwa nyumbani ulikuwa umefunikwa.

Katika mazishi yako walisoma wasifu wa marehemu. Nilikuwa nimekaa na wanawake, Neema mapajani. Mchungaji, mgeni aliyehamishiwa kwetu mwaka ule, alisoma kwa sauti nzuri kwamba marehemu Nakijwa alikuwa na kipaji tangu utoto, kwamba alifaulu kidato cha nne akiongoza wasichana wote wa shule yake, kwamba alichagua famasi kwa sababu ya mama yake aliyepooza. Nilisikia maisha yangu yakisomwa na kuzikwa, na waliojua wakanitazama kwa pembe za macho, kisha wakainamisha vichwa. Nililia kuliko wote. Watu walisema, dada mtu ana uchungu. Uchungu nilikuwa nao, Sifuni, ila nilikulilia wewe kidogo tu.

Je, nimekusamehe? Watu wa kanisani wananiuliza hilo kwa mafumbo. Sijakusamehe. Kwenda kusoma nilikusamehe siku ileile pale kwenye lori, kwa sababu baba ndiye aliyeamua na kifua chako nilikijua. Lakini lile neno "hakusoma" ulilichagua mwenyewe, ukiwa mtu mzima, mbele ya mtu aliyekufundisha kwa kikombe cha kahawa. Lile sijalisamehe, na sitajifanya.

Neema nimemlea mimi. Amekua na kichwa chepesi cha hesabu, kifua kizima. Alipochaguliwa kusomea ufamasia alikuja mbio kutoka barabarani, "Mama mkubwa, nafuata nyayo za mama!" Nilimpigia vigelegele. Kwenye fomu, palipoandikwa jina la mama, alijaza Nakijwa, na mimi nilisimama nyuma yake nikatazama kalamu ikimaliza jina zima. Ningesema nini? Vyeti vyake vyote vina jina hilo. Nilingoja miaka yote ya masomo yake. Mwezi uliopita amehitimu, cheti kina jina lake mwenyewe, na hakuna kiti cha mtu alichokalia. Jumapili alikuja kunionyesha. Nilimkalisha nikamwambia yote, tangu kitanda cha mama hadi kaunta ya Same.

Nilidhani atalia. Nilidhani atakutetea, wewe ni mama yake, au atanikumbatia aniite kwa jina langu. Nilikuwa nimejiandaa kwa yote hayo. Aliweka mikono juu ya magoti. Kisha akauliza:

"Na yule mtoto? Alipona?"

Alipona, Sifuni. Nilipotoka mahabusu, kabla sijapanda mlima, nilitembea hadi kambi ya mkonge kuuliza. Mama yake alinitukana mbele ya kambi nzima, kisha akanionyesha mtoto: alikuwa amekaa mlangoni akila muwa, amekonda, yuko hai. Anaitwa Juma. Nilimweleza Neema hivyo, naye akashusha pumzi kama aliyetua mzigo. Nami nikatambua kwamba katika miaka yote ile, hata siku ile jikoni na sukari yako, wewe hukuniuliza.

Lala huko ulipolala. Wiki ijayo fundi anakuja kubadilisha msalaba. Wewe utazikwa kwa jina lako, nami nitaanza kuitwa kwa langu nikiwa na mvi.

Ni mimi, dada yako, aliyesoma.