Sauti ya Urbano Kule Itigi

Utemini,
Singida.
17 Agosti, 2025

Mpendwa Shangazi Cecilia,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko Kanada? Sisi hapa tu wazima kwa neema ya Mungu. Upepo wa Agosti umeshika kasi, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria. Alizeti mwaka huu imetupa mavuno ya kuridhisha.

Uliponipigia simu nilishindwa kusema, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Unayajua masomo yangu ya uzamili. Wanatufundisha pamoja, watu wa fani mbalimbali, tutafute namna nchi itakavyopata nishati isiyochafua hewa. Mimi ni wa sosholojia, Alute ni wa sheria, na marehemu Urbano alikuwa mhandisi. Tulipelekwa kwenye vichaka vya Itigi kwa wachoma mkaa, tujue nini kingewafanya waiache kazi hiyo. Tulicheka sana siku za mwanzo. Urbano alinifundisha kusoma kipimo chake cha moshi, nami nikamfundisha kusalimia kwanza, maswali baadaye.

Asubuhi moja mwezi wa Mei alipanda juu ya tanuri la mkaa la Stefano, mmoja wa wachoma mkaa wale, kusogeza kipimo. Stefano mwenyewe alikuwa ametoka kupita pale pale. Udongo ukakatika, Urbano akazama hadi kiunoni kwenye makaa ya moto. Aliita mara moja tu, "Rebeka!" Stefano na Alute walimvuta, Stefano akaungua mikono yote miwili. Hatukufika naye hospitali akiwa hai.

Tangu hapo namsikia, Shangazi. Si ndotoni. Ni mchana kweupe, nikifua, nikiwa sokoni nachagua vitunguu. Anaita vile vile, nami nageuka. Mama anasema ni majonzi. Mchungaji ameniombea. Bado namsikia.

Kwenye mazishi, kwao Kinampanda, mama yake Urbano alinishika mkono akauliza, "Mwanangu alisema nini mwisho?"

Nikamwambia ukweli, kwamba aliita jina langu. Akasema, "Basi alijua hayuko peke yake."

Tangu siku ile hajawasha jiko la mkaa. Hawezi kuvumilia ile harufu. Majirani wanampikia.

Stefano naye ameacha kuchoma mkaa. Mikono imepona, lakini shoka halishiki. Ametundika mizinga, nyuki hawajaingia, na watoto wake wanalala kwa uji tu. Tulitumwa kutafuta kitakachomtoa mtu kwenye mkaa. Jibu hili sijui nitaliandikaje kwenye utafiti.

Ulinishauri niache masomo. Sikuudharau ushauri wako, nilikaa nao wiki nyingi. Lakini nikiacha mimi, vipimo vya Urbano vitaishia njiani, na hakuna atakayeuliza Stefano anakula nini. Kwa hiyo wiki iliyopita nilirudi Itigi na Alute.

Tulipima kwenye tanuri la mchomaji mwingine, tukisimama mbali na kusogeza kipimo kwa mti mrefu. Nikasikia jina langu. Nilijikaza nisigeuke. Aliyegeuka ni Alute, Shangazi. Alitazama vichaka, akanitazama mimi, uso umempauka. Sikumuuliza amesikia nini, naye hakuniuliza. Tukamaliza kupima.

Nilimweleza mama yake Urbano haya yote, maana nilihofu kumficha. Nilidhani atalia. Akaniambia, "Nipeleke. Kama wewe anakuita, labda mimi ataniitika."

Nimekubali, nampeleka Itigi Jumamosi. Niombee, Shangazi. Mimi mwenyewe sijui niombe amsikie au asimsikie.

Baba na Mama wanakusalimu sana, na mdogo wangu Janeth anasema asante kwa viatu, vimemkaa. Wasalimie wanao, Michael na Benson, waambie wasisahau Kinyaturu chao.

Mungu akufunike wewe na nyumba yako, na usiku wenu uwe na utulivu.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye daima,
Rebeka