Nusu ya Shati

Jumatatu, 1 Juni 1998

Tumekata shati leo. Kaki, la mtoto wa darasa la pili. Sheria ya Mama Furaha, fundi kutoka Uvira anayetufunza kushona, ni ileile: wawili shati moja, na jioni kila mmoja anabeba nusu nyumbani. Hivyo hakuna wa kuuza kitambaa. Mimi nimebeba mgongo na mkono mmoja. Consolata amepeleka vingine kwao Carama. Wawili wakimaliza vizuri, mwisho wa mwezi wanapewa cherehani. Moja.

Naandika Kiswahili. Shuleni nilifunzwa Kirundi na Kifaransa, na shangazi anavisoma vyote viwili. Hiki hakisomi.

Jumatano, 3 Juni

Somo la kuuza. Silipendi. Mama Furaha anajifanya mnunuzi. Alisimama mbele yangu.

“We mutoto, hii shati iko bei gani?”

Nilitazama miguu yangu. Consolata akajibu: “Kushika ni bure, mama. Shika kwanza.”

“Na huyu mwenzako, amemeza sindano?”

“Huyu anashona. Mi nasema.”

Wenzetu walicheka. Hata mimi, kidogo.

Ijumaa, 5 Juni

Risasi upande wa kaskazini, huko Carama, tangu asubuhi. Consolata hakuja. Cherehani ni ya mkono, mmoja anazungusha, mwingine anaongoza kitambaa. Peke yangu mshono ulikwenda upande.

Maharage jioni. Nimekula.

Jumatatu, 8 Juni

Njia ya Carama imefungwa. Watu wanashuka na magodoro kichwani. Nilifikiri nitalia. Sikulia. Baba alipokufa pia ilikuwa hivi.

Jumanne, 9 Juni

Kaka yake Consolata amenikuta Nyakabiga, mbele ya duka la mkate. Wako hai. Wamekimbilia kanisani.

“Mwambie Mama Furaha, Jumatatu anakuja. Asimpe mutu nafasi yake.”

Nikasema ndiyo.

Jumatano, 10 Juni

Mama Furaha ameuliza mbele ya wote nani ana habari za Consolata. Mdomo wangu haukufunguka. Mwanzoni ilikuwa haya, kama kawaida yangu. Halafu akasema nitakaa na Ange, ambaye hana mwenzake. Ange ana mkono mwepesi, na kwao ni nyumba ya nne kutoka kwetu. Nikaona cherehani itakaa karibu. Hapo haikuwa haya tena.

Naandika kama ilivyokuwa.

Alhamisi, 11 Juni

Tumekata vipande vya mbele upya, kutoka jora jingine. Kaki yake imekolea. Ange anasema zikifuliwa zitafanana.

Hazitafanana.

Ijumaa, 12 Juni

Tumeunga mabega. Mshono umenyooka. Sijisikii kitu.

Jumatatu, 15 Juni

Amekuja. Amekonda. Vipande alikuwa amevifunga tumboni, chini ya kitenge, ndani ya mfuko wa nailoni. Vyote, hata kola. Nyumba yao imeungua. Alitoka na hivyo.

Alimkuta Ange kwenye kiti chake. Mama Furaha akamwambia hakuna aliyeleta habari, angefanya nini. Consolata akanigeukia.

“Kaka hakukwambia?”

Ningeweza kusema hapana. Angeniamini, hilo ndilo baya. Nikasimama. Nilisema kwa sauti, chumba kizima kikasikia: “Aliniambia. Nilinyamaza. Nilitaka cherehani.”

Hakuna aliyecheka. Mama Furaha alinipa wembe. “Fumua.”

Nikafumua mabega. Mgongo wangu na mkono ule nikampa Consolata, rangi moja na vyake. Sasa anakaa na Ange. Mimi nimebaki na vipande vya mbele vya kaki iliyokolea, na meza ya nyuma. Wawili ndio wanaopewa cherehani. Mmoja hapana.

Jumatano, 17 Juni

Nimekata mgongo kutoka jora lile jipya. Peke yangu. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza. Polepole inakubali.

Somo la kuuza. Mama Furaha alipita meza zote, akaja kwenye yangu mwisho. Akashika kile kipande cha shati.

“Iko bei gani?”

Miguu yangu nimeitazama sana maisha haya. Nikamtazama yeye.

“Kushika ni bure, mama. Shika kwanza.”

Mbele, gurudumu la cherehani alilozungusha Consolata lilisimama. Hakugeuka. Halafu likaendelea.