Chini ya Mkate wa Ndizi

5 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Huku sisi wazima, ila Baba ananikosesha raha. Tangu nimlete kwangu kwa matibabu hajawahi kuwa hivi. Hali kitu. Uji anausogeza, wali anautazama tu. Mchana kutwa yuko dirishani, utadhani amelala macho wazi.

Juzi akasema kwa sauti ndogo, "Mkate wa ndizi." Mama, nilitaka kulia kwa furaha! Nikaoka palepale, unga wa ngano usiokobolewa, asali badala ya sukari, kama daktari alivyoshauri. Ukaumuka vizuri, nyumba nzima ikanukia. Akamega, akatafuna, akasukuma sahani. "Si wenyewe."

Nifundishe. Au njoo mwenyewe. Najua bado inakuuma Baba alivyokusahau, akakuuliza mara ile, "Mama, wewe ni mgeni wa nani?" Lakini njoo.

Kitindamimba wako

12 Machi

Kitindamimba wangu,

Marahaba, mwanangu. Nyonga inalalamika asubuhi, ikifika mchana imechoka kulalamika. Watoto hawajambo? Yule mwenye pengo ameota meno?

Sasa sikiliza. Ndizi ziwe zimeiva mpaka maganda meusi, zile ambazo mwenzio angezitupa. Ziponde kwa uma, vibonge vibaki. Mdalasini kidogo. Na usikoroge sana, unaoka mkate, hujengi ukuta.

Kuja, hapana. Nimeishi na mtu yule tangu nina kiuno cha nyigu, leo aniite mgeni? Naogopa, mwanangu, nakwambia kweli. Akiniuliza tena sijui nitarudi na nini. Huku bado ananijua. Nikiponda ndizi mchana mvua inanyesha, namsikia anakohoa uani. Najua hayupo, sijawa chizi. Lakini nakaa kimya, nisimfukuze.

Mama yako

28 Machi

Mama,

Shikamoo tena. Samahani kwa ukimya, na pole na mvua, nasikia huko hazikatiki.

Nilioka vile ulivyosema. Ndizi nyeusi, uma, mdalasini. "Si wenyewe." Nikaoka tena. "Si wenyewe." Akawa anakonda mbele ya macho yangu, nami sina la kufanya.

Jana niliweka mkate kwenye oveni, nikaenda kukaa naye dirishani. Mvua, joto la jiko, harufu ya ndizi, usingizi ukanichukua. Nikaota niko mdogo, nimejificha chini ya meza yako, naona miguu yako tu ikipita, ina unga mpaka kwenye vifundo, nawe unaimba. Sikutaka kuamka. Kumbe kilichoniamsha ni harufu ya kuungua! Mbio jikoni. Juu mzuri, chini mweusi tititi.

Nikashika kisu nikwangue. Nageuka, Baba amesimama mlangoni, kaja mwenyewe. Akakichukua kisu mkononi mwangu taratibu, akaugeuza mkate, akakata ile sehemu ya chini yote. Akanipa mgongo, akaila. Yote, Mama! Kisha akapanga vipande vya katikati kwenye sahani vizuri kabisa, akasema, "Mpelekee Mama yenu. Mwambie umetoka vizuri."

Nikamuuliza, na huo uliokula? Akaweka kidole mdomoni. "Usimwambie. Atasikitika."

Mama, kwani mkate wako ulikuwa unaungua?

Kitindamimba wako

4 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Uungue nini! Mkate wangu haujawahi kuungua, muulize mtu yeyote aliyeula mezani kwangu.

Ndivyo nilivyoanza kukuandikia juzi, kisha nikaweka kalamu chini.

Unajua nilikuwa nauokea kwenye sufuria, makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Kuutoa alikuwa anautoa yeye, eti nisiungue mikono. Anakwenda nao uani kuukata, anarudi na sahani, mdomo unatafuna tayari. "Chini ni kwangu," anasema. Nami namwita mlafi, mbele ya wageni, mbele yenu. Anacheka tu.

Jana nikaoka. Nikaugeuza kwa mkono wangu mwenyewe, mara ya kwanza tangu niolewe. Mweusi kama lami! Nikakata nikala. Mchungu, mwanangu, mchungu mpaka masikio yanasikia. Nikalia pale jikoni, halafu nikaanza kucheka, mpaka jirani akaja kuchungulia kama niko salama. Nikamwambia mume wangu ananipenda. Akaniangalia, akaniuliza kama nimekunywa dawa.

Nimekata tiketi ya basi la Jumamosi. Aniite mgeni, aniite nani, shauri yake. Usinunue ndizi, nakuja nazo, zitakuwa zimeiva kabla sijafika. Nitaoka kwenye oveni yako, na kwa ninavyojijua, mkate utaungua. Ukitoka, chini ni kwangu. Yeye mkatie katikati.

Mama yako