Saa Tisa Alasiri, Bila Ndugu

Chumba Na. 6, Ghorofa ya Pili,
Juu ya duka la miwani.
Jumanne, tarehe 9.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yako huko ugenini? Miguu bado inavimba kwa kusimama kutwa katika jiko la hospitali? Sisi huku wazima. Nikisema "sisi" bado naona haya, Shangazi! Hii ni wiki ya saba tangu niolewe, na yule wangu akigeuza ufunguo mlangoni, moyo unanidunda kama siku ya kwanza. Ananipigia pasi blauzi ya kazini. Kola hutoka imekunjamana, lakini naivaa hivyo hivyo, najidai.

Ila leo nina neno zito. Naogopa kutenganishwa naye.

Unajua pale dukani tunauza viatu vya watu wanaosimama kazini: wauguzi, wapishi, walinzi. Mimi ndiye ninayewatumia wateja jarida kwa barua pepe. Wengi walikuwa hawalifungui, basi bosi, yule mama mwenye duka, akaniambia nitafute saa inayofaa. Nisipoipata, kazi hiyo inafutwa, nami nahamishiwa ghala la mji mwingine, safari ya saa saba kwa basi. Mume wangu nitamwona mwisho wa mwezi, kama mgeni!

Nikaigawa orodha mafungu mawili. Kundi moja nikalitumia saa mbili asubuhi, jingine saa tisa alasiri, wauguzi wanapopokezana zamu. Asubuhi wakafungua watu themanini na wanne, alasiri thelathini na tisa. Bosi akapiga makofi: "Saa mbili! Tumemaliza." Akataka tangazo la viatu vipya liende saa hiyo.

Nami nilifurahi, mpaka nilipoyasoma majina. Mama mkwe. Mawifi zangu wote watatu. Mpiga picha wa harusi yetu! Kumbe mama mkwe aliuandikisha ukoo mzima kimyakimya, kisha akawaamuru: "Mkwe wetu akituma kitu, kila mtu afungue upesi, asije akaaibika." Na mimi, kwa uzembe wangu, majina mapya yote nilikuwa nimeyaweka kundi la asubuhi. Nilipowatoa ndugu, walibaki wateja kumi na saba tu.

Yule wangu alicheka hadi akakaa sakafuni. "Mke wangu, unapendwa mpaka basi! Sasa mama kakosa nini?" Aliponiona nalia, akanishika mikono. "Kamwambie bosi ukweli. Ukipelekwa ghalani nitakufuata, hata kubeba maboksi." Shangazi, nani mwingine ana mume kama huyu? Lakini karakana yake iko hapa, na sote wawili tunajua hawezi kuiacha.

Jana nikamwambia bosi. Akavua miwani, akanitazama weee. "Yaani umeolewa na ukoo mzima, halafu ukaniletea wote dukani?" Sikujua nicheke au nikimbie. "Viatu vipya vinafika Alhamisi, tarehe ishirini na tano. Tuma tangazo saa tisa alasiri, bila ndugu. Likidoda, unajua pa kwenda."

Ndugu wote nimewafuta, na mama mkwe bado hajajua, jambo ambalo nalo linanitisha. Kati ya ndugu limebaki jina lako peke yake, kwa kuwa wewe ulinunua kweli. Ndiyo maana nakuandikia mapema, Shangazi: siku hiyo ukiona jarida langu, usilifungue kwa kunihurumia. Kama viatu vyako bado vizima, liache lilivyo. Nataka nijue ukweli, ijapokuwa naogopa kuujua.

Nisalimie baba watoto na wale pacha wako wakorofi, na binamu mkubwa mwambie shuka alizotuzawadia harusini tunazilalia kwa raha zote. Mungu akupe wepesi wa miguu, nami anipe moyo wa kubonyeza kile kitufe.

Wako akupendaye,
Kitinda wako, ambaye sasa ni mke wa mtu.