Mama Mkasi Anataka Uongozi

West Side, Buffalo, New York
Jumapili, 16 Novemba 2025

Kwako Sylveri, mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Buffalo, ambako theluji imewahi mwaka huu na mimi nimeshateleza mara moja kwenye ngazi za nyumba. Sikuumia sana, ni goti tu. Wewe hujambo? Ruta mkeo anaendeleaje? Na huyo mtoto ambaye bado sijambeba, meno yameshatoka?

Sisi huku tu wazima. Mama na dada Immaculée huko Columbus wako salama, na presha ya Mama imeshuka tangu akubali kumeza vidonge bila kugombana na mtu. Kaka Jean Bosco bado yuko Louisville, anapakia mizigo kwenye ghala lile lile. Mgongo unamsumbua lakini ukimtajia daktari anabadilisha mazungumzo.

Ujumbe wako wa sauti niliupata na nimeusikiliza mara tatu. Nakujibu kwa barua kwa sababu kwenye simu ungenikatisha, na haya nataka uyasome mpaka mwisho.

Nimeelewa kwamba kiongozi wa chama chenu amejiuzulu na wanachama mnachagua mwingine, kwamba wagombea ni watatu, na kwamba wewe katibu wa tawi unamuunga mkono huyo Bi Dervla Quilty. Umesema akishinda atakusimamisha ugombee udiwani. Mtoto wa kambi ya wakimbizi kuwa diwani huko Ireland! Nimefurahi, na nalisema hili mapema usije ukadhani ninakuonea wivu.

Halafu ukaomba Mama arekodiwe video fupi ya kumshukuru, kwa kuwa mama huyo alifanya kazi kambini kwetu, na ioneshwe kwenye mkutano wenu wa tarehe 29 kabla watu hawajapiga kura. Hapo ndipo damu iliponipanda.

Jina lake sikulijua, kambini hakuna aliyelijua. Lakini yule bibi ninayemtunza pale Riverside ana asili ya Ireland, na kila asubuhi lazima nimfungulie habari za huko kwenye tableti yake. Wiki iliyopita nikamwona mgombea wako. Nywele zimekuwa nyeupe, ila shingo bado anaipinda vile vile anapomsikiliza mtu asiyemwamini. Nilimwaga uji wote wa bibi wa watu. Sylveri, huyo ni Mama Mkasi.

Wewe ulikuwa na miaka minne, upo mgongoni kwangu. Unakumbuka mpira na biskuti, na ni kweli yeye ndiye aliyeleta. Sikatai. Mengine hukuambiwa kwa sababu Mama alitukataza, na safari hii nimemwomba ruhusa, akanipa.

Baba alipofariki mwaka 2001, Mama hakwenda kuandikisha kifo ofisini siku ile ile. Unaujua utaratibu wetu: waombolezaji wanalishwa mpaka siku ya kuganduka, watu wanapokusanyika kula, marehemu anasemewa habari zake, msiba unafungwa na wafiwa wanarudi kushika jembe. Mjane wa kambini angewalisha nini? Akachukua posho ya Baba kwa migao miwili, akaiweka kwenye mfuko chini ya kitanda ikisubiri siku hiyo. Kila nyumba iliyofiwa ilifanya hivyo na hakuna aliyeuita wizi.

Huyo mama alikuwa na mkasi shingoni, umefungwa kamba kama filimbi ya mwalimu. Siku ya mgao wa tatu akamwita Mama mbele ya foleni nzima. Akaikata kadi yetu ya posho, yote, siyo jina la Baba peke yake. Akasema kwa Kiswahili chake, "Mtu kufa hapana kula." Wengine kwenye foleni walicheka, na wengine kati yao tulikuwa tunasali nao.

Tulikaa siku arobaini bila posho. Ule mfuko wa waombolezaji tukaula sisi watoto, na wewe ndiye uliyekula zaidi, sikulaumu. Kuganduka kwa Baba hakukufanyika. Hakujafanyika hadi leo. Ndiyo maana watu wetu wa Columbus wakialika kuganduka, Mama anasindikizwa hadi mlangoni kisha anarudi kukaa kwenye gari.

Sasa nimeangalia hotuba yake uliyotutumia. Anasema huruma alijifunzia kambini Afrika. Nilicheka peke yangu jikoni kama mwehu. Jirani yangu Clémence, yule Mkongomani, nilipomweleza aliweka sufuria chini akaniuliza, "Bon, ule mama alikatiaka watu chakula, donc sasa anataka kuwa shefu?" Ndiyo hivyo, Clémence. Anataka uongozi.

Mchungaji wetu anahubiri msamaha. Nitamsamehe akishashindwa, siyo kabla. Nimemvalia njuga mama huyu na sioni haya kukuambia. Umesema kwenye kura mnaandika namba moja kwa mnayempenda, mbili kwa anayefuata, halafu tatu. Yeye usimpe hata tatu. Mwachie pale pale patupu kama alivyotuachia sisi.

Basi Ijumaa nilipanda basi kwenda Columbus. Jean Bosco alitoka kazini Louisville akaendesha moja kwa moja, macho mekundu. Tulikwenda ili Mama akatae na sisi tukuandikie barua kali ya familia. Tulimsomea ombi lako. Alifuta miwani, kisha akamwambia Jolie, binti wa Immaculée, alete simu, na mimi nimletee kitenge chake cha Pasaka. Alikubali, Sylveri. Nilikasirika nikataka kutoka nje.

Akaongea dakika sita, kwa Kirundi, sauti ya upole kama ya mtu anayeombea chakula. Jolie, ambaye Kirundi kinampita, alimaliza kurekodi akasema bibi ameongea vizuri mno. Sisi wengine tulikuwa hatuwezi kutazamana.

Alimsalimu kwa jina la Mama Mkasi. Akamuulizia afya yake. Akataja mwezi, foleni, kadi, na neno alilomwambia. Akasema ni kweli aliyekufa hali, ila wanaomlilia wanakula, na kama hilo hakulielewa akiwa na mkasi basi asipewe kitu kikubwa kuliko mkasi. Kisha akasema maneno ambayo Jean Bosco aliposikia alifunika uso. Alisema: "Kitinda mimba wangu yuko hapo mbele yenu. Yeye atawageuzia maneno haya. Akimaliza, msiba wa baba yake umefungwa."

Najua maana yake kwako. Ukiyafasiri kama yalivyo, udiwani umekwenda na maji, na pengine hata ukatibu. Unaweza kuificha video ukasema Mama aliumwa. Unaweza pia kusimama mbele yao ukasema bibi anashukuru sana na anawaombea, wala hakuna mwanachama wa tawi lenu atakayejua. Nilikufikiria wewe pia, usidhani sikukufikiria. Nililia ndani ya basi kutoka Columbus hadi Buffalo. Lakini nimepima, na Baba amesubiri miaka ishirini na minne.

Nisalimie wifi yangu Ruta na umbusu mtoto. Immaculée na Jolie wanakusalimu. Jean Bosco anasema uvae vizuri siku hiyo. Mama anakutumia baraka zake zote, na Mungu aushike ulimi wako.

Video nimemtumia Ruta jana. Lugha ya kwao na Kirundi hazipishani sana, ameisikiliza na hajakosa neno. Amenijibu kwamba siku ya mkutano atakaa mstari wa mbele, na mtoto wenu mapajani.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata nikiwa na hasira,

Delfina