Chokaa ya Baba

Tlalpan, 3 Machi

Baba yangu mpenzi,

...na lile nililotaka kukuambia siku ya harusi, tarumbeta zikanikatiza, ni kwamba nimeolewa na mtu anayetazama taa ndani ya figo!

Shikamoo, Baba. Sukari yako inaendeleaje? Sisi wazima, tena mimi nimezidi uzima. Asubuhi Leobardo akitoka namsindikiza hadi kona, kisha namkimbilia kwa sababu nimesahau kumwambia kitu, na kumbe sina cha kumwambia.

Jana alinipeleka maabarani kwake. "Fumba jicho moja, mke wangu, utazame." Baba! Seli za figo ndani ya giza, moja inawaka na kuzima, jirani yake anawaka, kama vimulimuli kondeni kwetu mvua zikianza. Kila inapowaka, kalsiamu imeingia. Ndivyo zinavyopashana habari. Ila kwa mwenye kisukari milango haifungwi sawasawa, kalsiamu inaingia nyingi mno, na seli za chujio zinakunja miguu yao midogo na kubanduka. Alinieleza mengi mengine huku amenishika mkono, nikasikia nusu tu. Nilikuwa namtazama yeye.

Mwanao, Zenaida

Cerro Blanco, 21 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, punda hajambo. Mwanamume anayembembeleza mkewe kwa figo, huyo amependa kweli, au hana hela ya sinema.

Barua yako nimeisoma mpaka imechakaa. Nilikwenda kumwuliza muuza dawa kama chokaa ina kalsiamu. Akanicheka: "Don Gaudencio, umeichoma kalsiamu maisha yako yote, leo ndiyo unaniuliza?" Basi tanuri langu la chokaa nimelizima. Tortila, chapati zetu za mahindi, sili tena, maana mahindi yake huchemshwa na chokaa. Nakula mikate mitamu ya Doña Tomasa, asubuhi na jioni. Anasema nimekuwa mteja wa maana uzeeni. Wanawake wa tortila wamekuja na ndoo zao kutaka chokaa, nikawarudisha.

Usinibishie.

Baba yako

Tlalpan, 2 Aprili

Baba jamani!

Shikamoo. Nilicheka mpaka machozi, kisha nikamsomea Leobardo. Yeye hakucheka hata kidogo. Kosa ni langu, nilikueleza nusu niliyoisikia.

Sikiliza sasa, safari hii alikaa mezani nikamwuliza kama mwalimu. Kalsiamu ya chakula mwili unaipima wenyewe, haiendi kuvunja milango ya figo. Kinachoharibu milango ni sukari ikikaa juu kwenye damu miaka na miaka. Kwa hiyo tortila zako hazina kosa. Hiyo mikate mitamu, Baba, iache leo hii! Mwambie Doña Tomasa mwanao amekukataza, anichukie mimi.

Leobardo anauliza: mkojo wako unatoa povu? Jibu upesi, tafadhali.

Zenaida wako

Tlalpan, 25 Aprili

Baba,

Shikamoo. Kimya chako kinanitisha. Hata kwenye simu ya jirani hutaki kuja. Nikose usingizi hivi na nimeolewa juzi tu? Mume wangu anadhani nimemchoka.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Zenaida

Cerro Blanco, 6 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Siumwi sana. Miguu imevimba kidogo, viatu vinabishana nami.

Povu lipo. Kama lile la chokoleti mama yako akiipiga kwa mwiko wake wa mti. Yeye pia alikuwa nalo, mwaka ule kabla hajalazwa. Tulikuwa tukilitania.

Mahindi yote aliyowahi kuyachemsha mama yako, aliyachemsha kwa chokaa niliyoichoma mimi. Nakaa mbele ya tanuri na sijui niliangalieje. Unaniambia si chokaa. Je, ni kwa kuwa unanipenda, au kwa kuwa ni kweli? Mumeo aandike mwenyewe. Wewe utanibembeleza tu.

Baba yako

Tlalpan, 12 Mei

Baba yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Barua yako imenikuta jikoni, nikakaa chini sakafuni. Kumbe umebeba hayo peke yako tangu nilipoandika upuuzi wangu wa vimulimuli.

Nimempa Leobardo kalamu. Haya ni yake:

"Baba mkwe, shikamoo. Mimi simbembelezi mtu kwa habari ya figo, isipokuwa binti yako. Chokaa yako haikumuua Mama. Ilikuwa sukari, na hakupimwa mapema. Povu na uvimbe vyako vinataka kipimo sasa. Zipo dawa za kuipunguzia figo mzigo. Sitakuahidi zaidi ya hapo kabla sijaona majibu. Nenda zahanati kesho, usitusubiri. Leobardo."

Umeona? Hajui kupamba maneno, ndiyo maana nampenda. Umeuliza ni kwa kuwa nakupenda au kwa kuwa ni kweli. Ni yote mawili, Baba.

Kesho peleka mkojo. Wakirudi wanawake na ndoo zao, wape chokaa. Washa tanuri, nataka kuona moshi wake nikiwa bado barabarani. Chokoleti nitaipiga mimi kwa mwiko wa Mama. Yako haitakuwa na sukari, na mume wangu ameapa kunywa ya namna hiyo hiyo, usije ukasema unaonewa.

Tunakuja, mimi na yeye, kabla mwezi huu haujaisha.

Mwanao, Zenaida