Usiniamshe kwa Mkono

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na lile goti liwe limekuachia angalau uinuke kitini bila kushika ukuta. Dada hajambo? Wajukuu je, yule mdogo bado anakimbia maji ya kuoga? Mimi mwili ni mzima. Kichwani ndiko kwenye maneno, na ndiyo maana nimeshika kalamu badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningesikia sauti yako nikakata.

Najua gerezani walikuambia nimeshatoka. Najua pia kwamba hukuniona. Tangu siku ile bila shaka umeniulizia hospitali, umeniulizia polisi, na labda hata kule ambako hakuna mzazi anayependa kuulizia. Nisamehe. Niko hai, nakula, nina kitanda. Ila niache nieleze kwa utaratibu, kwa sababu nikianza na lile kubwa sitamaliza.

Mama, nimekuwa mwoga. Yule uliyemlea alikuwa anapanda juu ya paa la kiwanda na mashine ya kuchomelea begani, wewe huko chini unafumba macho. Huyu aliyetoka anaogopa mlango. Sikutanii. Miaka yote ile sikufungua mlango hata mmoja kwa mkono wangu. Siku ya kwanza uraiani niliingia choo cha kulipia pale stendi, nikamaliza shida yangu, kisha nikasimama ndani nikingoja nifunguliwe. Nilisimama mpaka mwangalizi akagonga na kuuliza kama nimefia humo.

Kesho yake nilikuwa navuka barabara, askari wa usalama akapuliza filimbi kusimamisha magari. Magoti yalikunjika yenyewe. Nikachuchumaa katikati ya lami, mikono kichwani, nikingoja kuhesabiwa. Magari yakapiga honi, watu wakacheka. Mama mmoja muuza matunda akaja akaniinua, akaniuliza kama nina kifafa. Nikamwambia ndiyo. Ilikuwa rahisi kuliko ukweli.

Wakati huo nilikuwa nalala kwenye gereji ya fundi mmoja niliyefanya naye kazi zamani, kabla ya ile kesi ya nyaya za shaba. Hakunifukuza, Mungu ambariki, ila alianza kusema kwamba wateja wanaangalia. Ndiye aliyeniambia kuna ofisi nyuma ya hospitali kubwa inayopokea watu waliotoka gerezani. Wanatafutia mtu pa kulala, wanamsaidia kupata kitambulisho, na wana mtu wa kuzungumza naye. Nilimwitikia, kisha nikakaa. Kila asubuhi nilifika hadi kwenye geti la hospitali nikageuka. Niliona kama nikiingia ofisi yoyote, kuna mtu atasema kumbe walikosea kuniachia.

Siku niliyojikaza nikaingia, nilikuta ukumbi mwembamba unanukia rangi mpya, benchi moja, na mwisho wake mzee ameinama mezani amenipa mgongo. Akakohoa. Mama, kikohozi kile nakijua kuliko jina langu. Kilikuwa kinatangulia funguo kila alfajiri, na ukikisikia uwe umesimama. Alikuwa Chuma. Yule askari mkuu wa bweni letu niliyekusimulia ulipokuja kunitembelea, ambaye hata wababe walikuwa wanashusha macho akipita. Sikungoja ageuke. Nilitoka mbio, nikapita katikati ya foleni ya wagonjwa, nikamkanyaga mtu mguu, nikaja kusimama mbali sana jasho linanitiririka. Nilijiambia ule ulikuwa mtego.

Lakini mwenye njaa hana miiko, na mvua ilipoanza kuingia gereji nikarudi. Sikuingia. Nilikaa kwenye ukingo wa maua, nje. Chuma alinifuata yeye mwenyewe, bila sare, amevaa sweta lililotoboka kiwiko, akaketi pembeni yangu, si karibu sana. Akasema aliniona siku ile nilivyokimbia, na kwamba katika kazi yake yote hakuwahi kuona mfungwa akikimbia kwa kasi namna ile, bahati yake nilikuwa nimeshaachiwa. Sikucheka. Kisha akaniambia kwamba tangu astaafu, kila jioni anahesabu wajukuu zake wakiwa mezani, na asipohesabu hawezi kula. Mkewe ndiye aliyemleta hapo kwa yule mtu wa kuzungumza naye, na alipopata nafuu wakamwomba abaki asaidie kupokea wageni. Akasema kama sura yake inanitisha angemwita mwenzake. Nikamjibu kwamba inanitisha. Akacheka akakohoa, na mimi, mama, nikasimama wima. Alinitazama kwa huzuni ambayo sikujua kama anayo.

Huyo ndiye aliyenishughulikia. Alinipeleka kwenye foleni ya vitambulisho, na karani akauliza miaka yote hii nilikuwa wapi. Chuma akamjibu kwamba mimi na yeye tulikuwa tunafanya kazi sehemu moja. Karani akauliza kazi gani. Chuma akasema, "Ulinzi. Mimi nalinda, yeye analindwa." Karani alicheka akagonga muhuri. Chuma akanitafutia na kitanda kwenye nyumba wanayokaa watu kama sisi hadi wasimame wenyewe, na kibarua cha kuchomelea madirisha asubuhi. Mchana nakwenda kwa muuguzi wa magonjwa ya akili, mwanamama mpole anayeuliza swali kisha anasubiri kama mtu anayesubiri maji yachemke. Aliniuliza naogopa nini. Nikamtajia milango, nikamtajia filimbi. Yote kweli, lakini nilikuwa namtupia makapi. Punje nilibaki nayo.

Sasa sikiliza, mama. Nyumba ile ina sharti moja kubwa: anayempiga mwenzake anaondoka. Na mimi niliachiwa kwa masharti. Nikiondolewa kwa fujo narudi kumalizia kifungo. Wiki iliyopita nilitoka kazini nimechoka, nikajilaza mchana. Mpishi wetu, mtu mnene mwenye maneno mengi, aliyewahi kufungwa pia, alikuja kuniita ninywe chai. Akanigusa bega. Nilipofumbua macho, mikono yangu miwili ilikuwa shingoni mwake. Nilikuwa nabana, mama. Uso wake umebadilika rangi, miguu inatapatapa, na mikono ile haikunisikiliza mara moja nilipoiambia iachie.

Alipopata pumzi alikaa sakafuni, akasema kwa sauti ya kukwaruza kwamba anajua chai yake ni mbaya lakini si kiasi hicho. Kisha akaanza kutetemeka. Mimi nikaingia chini ya kitanda. Mtu mzima na ndevu zangu, nilijikunja chini ya kitanda, na huko ndiko Chuma alikonikuta. Akalala kifudifudi kwenye saruji ili anione. Hakuniamuru nitoke. Aliniuliza kama ni mara ya kwanza. Nikamwambia hapana.

Rafiki yangu mmoja wa gerezani, aliyekuwa ananigawia blanketi, aliniamsha hivyo hivyo kwa mkono. Nilimvunja taya. Mimi ambaye sikuwahi kumpiga hata mtoto wa jirani! Huko ndani anayeguswa amelala haguswi kwa heri, na mwili wangu ulijifunza somo hilo bila kuniuliza. Tangu siku ile wenzangu waliniachia kona yangu.

Ndipo nafika kwenye lile kubwa. Siku niliyoachiwa, nilikuona.

Tulitolewa kundi. Wewe ulikuwa kwenye dirisha la mapokezi, umeinama unamuuliza askari kama jina langu limeshasomwa. Ulikuwa na ule mfuko wa buluu, shati langu limechungulia juu. Kisigino cha kiatu chako cha kushoto kimelika upande mmoja, kwa sababu ya goti. Nilipita nyuma yako. Ningenyoosha mkono ningekugusa. Nilisikia ukimwambia askari, "Nitangoja tu, mwanangu, nimezoea." Nikaenda na wale wengine hadi kwenye gari, sikugeuka.

Si kwamba sikukupenda, wala si aibu, ingawa aibu ninayo. Nilikumbuka jinsi unavyoniamsha. Tangu nikiwa mdogo huniiti. Unakuja kimya unaniwekea kiganja kwenye paji la uso kana kwamba unapima homa. Nilikiona kile kiganja, mama, na nikaiona shingo yako. Nikasema bora umlilie mwana aliyepotea.

Nimemweleza muuguzi yote. Anasema ni ugonjwa, una jina na una matibabu, na kwamba si mimi peke yangu. Nimeanza dawa. Nalala chumba cha peke yangu. Mpishi alikataa nifukuzwe; aliwaambia wakubwa kwamba aliyemkaba hakuwa ameamka, na aliyeamka alijificha chini ya kitanda. Siku hizi ananiamsha akiwa mlangoni, kwa sauti ya kunadi mitumba na mti wa fagio mkononi. Sijui kama nitapona. Muuguzi naye hakuniahidi. Naogopa kila ninapopandisha miguu kitandani.

Wanasema nirudi nyumbani kidogo kidogo. Jumamosi nitakuja asubuhi, Chuma atanisindikiza. Usimwogope, na usimpe maneno makali, hata kama unayo. Nitaondoka kabla ya jioni. Usinitandikie, usinishawishi nipumzike hata ukiona macho yamelegea. Na ikitokea nikasinzia kitini, watoe watoto chumbani kwanza, usimame mbali, uniite kwa nguvu zako zote.

Mengine yote fanya upendavyo. Nigombeze, nililie, nichape ukitaka kwa zile siku ulizonitafuta. Nishike mikono hii uitazame. Nitakuwa macho, mama.

Msalimie dada, mwambie asinikasirikie kabla hajanisikia. Wabusu watoto. Majirani wakiuliza, waambie nipo, inatosha.

Ni mimi mwanao,
kitindamimba wako.